Sekunde moja ya hatari: fizikia ya kushusha pikipiki nzito kwenye stendi kubwa

Nilipokuwa nafanya masters nilikaa wiki kadhaa Turiani, Morogoro, nikikusanya sampuli za udongo mashambani. Usafiri wangu ulikuwa bodaboda ya kukodi. Siku moja mchana tulikuwa tumefunga viroba vinne vya udongo kwenye keria, kila kimoja kilo 25, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Dereva akaiweka pikipiki kwenye stendi kubwa, ile ya katikati yenye miguu miwili, akaenda dukani kununua maji. Kabla hajaondoka akaniambia, "Kaka, isogeze kivulini kidogo."

Nikasema sawa. Nina digrii ya fizikia, kusogeza pikipiki hatua tatu kitu gani?

Nikasimama upande wa kushoto, nikashika usukani, nikasukuma mbele. Mara ya kwanza haikutoka. Ya pili nikaongeza nguvu, ikatoka kwa kishindo, usukani ukageuka kulia, na pikipiki nzima ikaanza kuniacha ikilalia upande ambao mimi sikuwepo. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Haikusaidia. Ikaanguka, mkono wa breki ukavunjika, na mimi nikaanguka juu yake. Upande huo huo wa kulia kulikuwa na mama anakaanga mihogo. Usukani ulitua kama shubiri moja kutoka kwenye karai lake la mafuta yanayochemka.

Yule mama hakusema neno. Alilitazama karai, akanitazama mimi. Mpaka leo nikikumbuka yale macho natokwa jasho.

Nililipa mkono wa breki na kazi ya siku ya dereva. Lakini swali lilibaki: kwa nini kitu kilichokuwa kimesimama imara kabisa kiligeuka kuwa hatari ndani ya sekunde moja? Na kwa nini nguvu zangu zilikuwa bure? Nilipokaa chini na kalamu nikagundua kwamba sikukosa nguvu. Nilikosa maandalizi. Twende pamoja.

Stendi kubwa inafanya kazi vipi?

Chukua penseli, isimamishe mezani, shika ncha ya juu kwa vidole viwili. Sasa ilaze kidogo kuelekea kwako, halafu isukume taratibu ipite wima na ilale upande wa pili. Ncha ya juu inachora tao. Inapanda kidogo, inafika kileleni penseli ikiwa wima kabisa, kisha inashuka.

Stendi kubwa ni penseli hiyo. Chini kuna miguu inayogusa ardhi, juu kuna bolti zinazoiunganisha na fremu ya pikipiki. Ikiwa imeegeshwa, stendi haiko wima kabisa. Imepita wima kidogo kuelekea nyuma, halafu kuna kizuizi cha chuma kinachoizuia isiendelee. Kwa hiyo uzito wa pikipiki wenyewe unaibana stendi ibaki pale ilipo. Ndiyo maana pikipiki haijishushi yenyewe upepo ukivuma.

Kuishusha maana yake ni kuirudisha juu ya kile kilele. Unapanda kilima kidogo sana, pengine chini ya sentimita moja, kisha unakutana na mteremko mrefu zaidi. Hapa ndipo wengi tunapodanganyika. Tunadhani kazi ngumu ni kusukuma, tunaweka nguvu zote pale, na kumbe baada ya kilele pikipiki haihitaji msaada wetu tena. Inakwenda yenyewe. Nguvu uliyozidisha kwenye kilima unaikuta kwenye mteremko.

Inakwenda kwa kasi gani? Tuseme pikipiki na mzigo ni kilo 220 na kitovu chake cha uzito kinashuka sentimita 3. Nishati inayotoka ni 220 × 9.8 × 0.03, yaani kama jouli 65. Kama yote ingegeuka kuwa mwendo, pikipiki ingetembea mita 0.77 kwa sekunde, polepole kuliko mtu anayetembea kawaida. Kwa hiyo tatizo si kasi. Pikipiki hiyo inaweza kusimamishwa na breki ya kawaida kabisa, ilimradi mkono wako uko kwenye breki. Wangu haukuwepo.

Kutoka pembetatu kwenda mstari

Kigoda cha miguu mitatu hakianguki ovyo kwa sababu miguu yake inachora pembetatu ardhini, na uzito wa aliyekaa unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Pikipiki kwenye stendi kubwa ni kigoda: miguu miwili ya stendi na gurudumu moja.

Ikishuka tu, miguu miwili inakunjwa na chemchemi, na kinachobaki ni magurudumu mawili. Nukta mbili hazitengenezi pembetatu, zinatengeneza mstari. Uzito ukitoka nje ya mstari huo kidogo tu, kulia au kushoto, pikipiki inaanza kulala. Barabarani mwendo hutusaidia kusawazisha, lakini hapa hakuna mwendo. Mguu wa tatu wa kigoda sasa ni wewe.

Na wewe unaweza kubeba kiasi gani? Hapa ndipo hesabu ilipoufumbua macho ujinga wangu.

Kimo cha mzigo kinaua kuliko uzito wake

Pikipiki ikiinama, nguvu inayoiangusha inategemea vitu vitatu: uzito, kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini, na pembe iliyoinama. Tuzidishe viwili vya kwanza.

Pikipiki tupu ya bodaboda tuikadirie kilo 120, kitovu chake kiko nusu mita kutoka chini. 120 × 0.5 ni 60.

Viroba vyangu vilikuwa kilo 100, lakini vilikaa juu ya keria, kitovu chake kama mita 1. 100 × 1 ni 100. Jumlisha na ile 60, unapata 160.

Umeona? Uzito uliongezeka kutoka kilo 120 hadi 220, haujafika hata mara mbili. Lakini tabia ya kuanguka ilipanda kutoka 60 hadi 160, zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa kulinganisha, BMW R 1250 GS, lile dude la watalii wanaozunguka Afrika, lina kilo 249. Tukichukulia kitovu chake kiko sentimita 55 kutoka chini, tunapata kama 137. Yaani bodaboda yangu yenye viroba ilikuwa ngumu kuizuia kuliko BMW ile. Kwa hiyo ukisikia "pikipiki nzito" usifikirie injini kubwa tu. Boxer yenye kreti za soda ni pikipiki nzito.

Sasa tuingize pembe. Tuseme unashika usukani ulio mita 1 kutoka chini. Ili kuizuia isiendelee kulala unahitaji nguvu sawa na kubeba kilo hizi:

- Ikiinama nyuzi 5: tupu kilo 5, na mzigo kilo 14
- Ikiinama nyuzi 10: tupu kilo 10, na mzigo kilo 28
- Ikiinama nyuzi 20: tupu kilo 21, na mzigo kilo 55
- Ikiinama nyuzi 30: tupu kilo 30, na mzigo kilo 80

(Ukitaka kuhakiki, chukua 60 au 160 uzidishe kwa sine ya pembe. Nimelichukulia tairi kama mstari mwembamba, kitu ambacho si sahihi kabisa, lakini picha ni ile ile.)

Zisome tena namba za nyuzi 5 na nyuzi 30. Kwa nyuzi 5 hata dada yangu wa sekondari anaweza kuizuia. Kwa nyuzi 30 unahitaji kuvuta kilo 80 huku umeinama na miguu inateleza. Hakuna mtu. Na kati ya 5 na 30 haipiti hata sekunde moja. Kwa hiyo mchezo wote unachezwa kwenye zile nyuzi chache za mwanzo. Ukizikosa, misuli haikusaidii.

Kuna jambo la pili lililonimaliza. Gurudumu langu la mbele lilikuwa hewani. Kwa kawaida pikipiki tupu kwenye stendi kubwa huegemea gurudumu la mbele, na la nyuma ndilo linaelea. Ukirundika mzigo kwenye keria, kitovu cha uzito kinahamia nyuma ya stendi, gurudumu la nyuma linakaa chini na la mbele linaning'inia. Gurudumu linaloning'inia linageuka linavyotaka, na breki yake ni pambo tu mpaka liguse ardhi. Langu lilitua likiwa limegeukia kulia. Mengine unayajua.

Basi tuishushe vipi?

Baada ya tukio lile dereva wangu alinifundisha, kwa upole kuliko nilivyostahili. Kila alichonionyesha kinaingia kwenye hesabu za hapo juu.

1. Punguza mzigo kwanza. Anza na vilivyo juu kabisa, maana kimo ndicho adui. Kama gurudumu la mbele linaning'inia, usiishushe peke yako. Ama fungua mzigo, ama mwite mtu ashike keria kutoka upande wa pili. Dakika tano za kufungua mipira ni nafuu kuliko fundi.

2. Tazama ardhi. Kwenye mchanga au tope mguu mmoja wa stendi huzama kuliko mwingine, na pikipiki itashuka ikiwa tayari imeinama. Kama mbele ni mteremko, ikishuka itataka kuondoka. Na angalia nani yuko upande wa pili. Mtoto, mama wa mihogo, yeyote: mwombe asogee.

3. Toa stendi ya pembeni kabla ya kugusa kitu kingine. Hii ni pembetatu yako ya akiba. Pikipiki ikilalia kushoto ina pa kuegemea.

4. Zima injini, nyoosha usukani, weka mkono kwenye breki. Simama kushoto, mkono wa kushoto kwenye usukani wa kushoto, wa kulia kwenye usukani wa kulia, vidole viko juu ya breki bila kuibana. Kama mkono wako haufiki vizuri, weka gia ya kwanza, kisha shika keria au fremu ya nyuma kwa mkono wa kulia. Gurudumu la nyuma likitua, injini iliyozimwa italikaba.

5. Sogea karibu. Nyonga yako iguse siti. Mwili ulio mbali unazuia kwa mikono tu, mwili ulio karibu unazuia kwa uzito wote. Miguu ipanue, na usiiweke karibu na stendi wala gurudumu.

6. Sukuma mbele, si juu wala pembeni. Nyoosha mikono, egemeza uzito wako taratibu. Ikikataa, iachie irudi, sukuma tena kwa mdundo kama unavyobembeza bembea. Unatafuta kuvuka kilele, basi. Usikimbilie.

7. Ikitua tu, bana breki na uivute kidogo upande wako. Nyuzi mbili tatu, mpaka uisikie nyongani. Hii ndiyo siri kubwa. Pikipiki iliyoinama kwako unaisukuma kwa mwili, iliyoinama ng'ambo inabidi uivute kwa vidole. Subiri isimame kabisa ndipo uilaze kwenye stendi ya pembeni, kwa sababu stendi ya pembeni hujikunja kuelekea nyuma, na pikipiki inayosonga mbele inaweza kuikunja bila wewe kujua.

Na ikishindikana?

Kama imepita nyuzi 20 na inaendelea, iachie. Najua ni vigumu kusikia, hasa kama ni ya mkopo au ya bosi. Lakini umeziona namba. Unayepigana na kilo 55 zinazoelekea kuwa 80 huibadilishi hatima ya pikipiki, unachagua tu kama utaanguka nayo. Piga kelele kumwonya aliye ng'ambo, achia, ruka nyuma. Mkono wa breki unauzwa dukani. Kifundo cha mguu hakiuzwi.

Kesho yake nilirudi pale kwa yule mama kununua mihogo, na kuomba radhi vizuri. Akanipimia, akanipa na kachumbari, halafu akasema, "Mwanangu, pikipiki yenu leo muiegeshe kule." Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Tukaiegesha kule. Tukafungua viroba viwili vya juu kwanza, dereva akashika keria upande wa kulia, mimi nikakaa na breki upande wa kushoto. Ikashuka kimya kimya, kama kitu chepesi.