Umegongwa, Kosa Si Lako: Je, Bima Yako Itaguswa?

Safari ya Karatu hadi Piyaya ni ndefu, na sehemu kubwa yake ni ya vumbi. Magari ya miradi, pikipiki za wainjilisti, malori, magari ya watalii na mifugo hutumia njia hizo hizo. Hata dereva mwangalifu anaweza kugongwa. Wengi wetu huamini kwamba kama kosa si lako, bima yako haiguswi. Ukweli ni kwamba inategemea umepeleka madai yako wapi.

Kwanza tukumbushane aina za bima. Bima ndogo ni ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169. Hiyo hulipa madhara ambayo gari lako limewasababishia wengine, wala haitengenezi gari lako. Bima kubwa hulipia na gari lako pia.

Ukigongwa, zipo njia mbili.

Njia ya kwanza ni kudai kwa kampuni ya bima ya aliyekugonga. Dai hilo huandikwa kwenye kumbukumbu zake, si zako. Lakini ni lazima ithibitike kuwa kosa ni lake na kwamba bima yake ilikuwa hai siku hiyo.

Njia ya pili, kwa mwenye bima kubwa, ni kudai kwa kampuni yako. Mara nyingi hapa gari hutengenezwa mapema zaidi. Hata hivyo, utabeba ile sehemu ya hasara iliyotajwa katika mkataba, na dai litaandikwa kwa jina lako. Kampuni ikishalipa, ina haki ya kumdai msababishaji. Isipofanikiwa, unaweza kupoteza punguzo wanalopewa wasio na madai, ingawa hukukosa.

Tuchukue mfano. Gari la shilingi milioni 40, kwa kiwango cha asilimia 3.5, ada yake ni 1,400,000 kabla ya kodi. Punguzo likiwa asilimia 20, unaokoa 280,000. Likipotea, mradi utalipa fedha hiyo mwaka unaofuata, na itatoka kwenye dizeli au dawa za mifugo.

Huku kwetu kuna jambo jingine. Ng'ombe hana bima. Mwenye ng'ombe anaweza kudaiwa akiwa mzembe, lakini kurudisha fedha huwa vigumu. Ukigongana na nyumbu au pundamilia, hakuna wa kumdai kabisa.

Kwa hiyo, ajali ikitokea, tufanye haya:

1. Tuwahudumie majeruhi kwanza. Fomu ya polisi namba 3 (PF3) ishughulikiwe mapema.
2. Tuandike namba ya gari la pili, jina la dereva, na kampuni ya bima iliyolikatia. Uhai wa bima huhakikiwa kwa namba ya gari katika mfumo wa TIRA.
3. Tupige picha kabla magari hayajaondolewa, na kuandika majina ya mashahidi.
4. Tutoe taarifa polisi, hata kama kituo kiko mbali. Bila taarifa ya polisi, ni vigumu kuthibitisha kosa ni la nani.
5. Tuiarifu kampuni yetu hata kama hatudai kwake. Mikataba mingi inadai hivyo.
6. Tusikiri kosa wala kutia sahihi karatasi ya "tumemalizana" kabla ya kuiuliza kampuni.

Hili la mwisho ni gumu kwetu, kwa kuwa tumezoea kuyamaliza chini ya mti, kwa wazee. Kusameheana ni agizo la Bwana, na tuendelee kusameheana. Lakini aliyesamehewa bado ana bima aliyoilipia kwa ajili ya siku kama hiyo. Kuitumia si kulipiza kisasi.

Kampuni ikikataa kulipa bila sababu ya haki, lalamiko linaweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Kabla ya kukata bima tena, tumwulize wakala: nikigongwa bila kosa, punguzo langu litabaki? Jibu liwe la maandishi.