Kubana mafuta kunavyoua injini: somo la pikipiki za methanoli kwa mafundi wa Bujumbura

Katika mitaa ya Buyenzi, ile inayotambulika kwa namba badala ya majina, fundi wa pikipiki hahitaji kompyuta ili ajue injini inaumwa nini. Hufungua plagi, ambayo wengi mjini hapa huiita buji kwa jina lililotoka kwenye Kifaransa, akaiinua kwenye mwanga na kuitazama ncha yake. Ikiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, mambo ni shwari. Ikiwa nyeusi na yenye masizi, injini inakunywa mafuta kupita kiasi. Ikiwa nyeupe kama chokaa, injini ina njaa ya mafuta na inajiunguza yenyewe.

Hiyo nyeupe ndiyo ya kuogopwa, na miaka hii ya uhaba wa mafuta nchini Burundi ndiyo inayotengenezwa kwa makusudi. Dereva aliyekesha kwenye foleni ya kituo, au aliyenunua lita mbili ndani ya chupa kwa bei ya kuruka, humwendea fundi na ombi moja: ibane, inywe kidogo. Fundi hugeuza skrubu ya kabureta, hushusha sindano kwa ngazi moja, au huweka jeti yenye tundu dogo zaidi. Siku za kwanza dereva hufurahi. Kisha pikipiki huanza kukosa nguvu mlimani, injini hugonga, na mwisho wake ni valvu iliyoungua au pistoni iliyotoboka.

Kwa mtu ambaye pikipiki ndiyo shamba lake, huo si ubovu wa chombo tu. Ni siku kadhaa bila chakula cha watoto, ada ya shule iliyosimama, na mara nyingi deni kwa mwenye pikipiki. Tangu Machi 2022, pikipiki za abiria zilipozuiwa kuingia katikati ya jiji, njia za kujipatia riziki zimekuwa finyu zaidi. Si ajabu kwamba kila tone linahesabiwa.

Lakini kuna watu wengine duniani ambao nao huhesabu kila tone, na hesabu yao inakwenda kinyume kabisa na ile ya dereva wa Bujumbura. Ni wajenzi wa pikipiki za mashindano zinazotumia methanoli. Wao hawaibani injini. Huizamisha ndani ya mafuta ili ipate kuishi.

Mafuta yanayopoza

Methanoli ni aina ya kileo kinachotengenezwa viwandani, hasa kutokana na gesi asilia. Pikipiki za mbio za spidiwei, zile za silinda moja ya cc 500 zisizo na breki na zinazozunguka uwanja wa udongo kwa kuteleza, hutumia methanoli. Vivyo hivyo baadhi ya pikipiki za mbio fupi za mstari ulionyooka, ambazo wajenzi wake huongeza na tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili kushindilia hewa ndani ya silinda.

Ukiutazama uzito wa methanoli kwenye vitabu, utashangaa ni kwa nini mtu aichague. Kilo moja ya petroli ina nguvu ya takriban megajuli 44. Kilo moja ya methanoli ina karibu 20 tu. Siri iko kwenye hewa. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Methanoli inahitaji kilo 6.4 tu. Kwa hiyo kwa pumzi ileile ya hewa, injini inaweza kuchoma methanoli zaidi ya mara mbili ya petroli, na mwishowe ikapata nguvu zaidi kidogo.

Hapo ndipo kazi ya fundi inapoanza. Tundu la jeti lililotosha petroli halitoshi tena. Kipenyo chake hulazimika kuongezeka kwa karibu nusu. Bomba la mafuta, pampu na koki, vyote vinapanuliwa. Ukiweka tabo inayosukuma hewa maradufu, mahitaji ya mafuta nayo yanakuwa maradufu. Injini iliyokuwa ikinywa glasi moja ya petroli sasa inadai zaidi ya glasi nne za methanoli kwa mzunguko uleule.

Faida kubwa kuliko zote ni baridi. Kila kimiminika kinapogeuka mvuke hunyonya joto, kama jasho linavyopoza ngozi. Methanoli hunyonya takriban mara tatu ya petroli kwa kila kilo, na kwa kuwa kilo zenyewe ni nyingi zaidi, upoaji ndani ya injini hufikia karibu mara saba. Bomba la kuingizia hewa huweza kutoa jasho la baridi huku injini ikinguruma. Bila upoaji huo, hewa iliyoshindiliwa na tabo ingekuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta kabla ya wakati na kuvunja pistoni.

Ndiyo maana mjenzi wa pikipiki ya namna hiyo huanza siku yake ya kwanza ya majaribio akiwa na jeti kubwa kupita kiasi. Injini hukohoa, hutoa ukungu, haivuti vizuri. Kisha hupunguza mafuta hatua kwa hatua, akisoma plagi na joto la moshi kila baada ya mkimbio mmoja, na husimama kabla hajafika ukingoni. Makosa ya kuzidisha mafuta humpotezea sekunde. Makosa ya kuyapunguza humpotezea injini nzima.

Bujumbura na mlima wake

Kanuni hiyohiyo inatawala pikipiki ya cc 125 inayobeba abiria Buyenzi, Kamenge au Kanyosha. Mafuta yanayoingia kwenye silinda hayana kazi moja ya kusukuma; yanapoza pia. Anayeyapunguza kuliko kipimo anaondoa maji kwenye sufuria iliyo jikoni.

Bujumbura ina mtihani wake wa ziada. Jiji liko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa takriban mita 780. Ukishika barabara kuu ya kwenda Gitega, ndani ya kilomita zisizofika 40 umeshafika Bugarama, juu ya mita 2,000, njia ileile ambayo baiskeli zenye shehena za ndizi hushuka kwa kasi kuelekea jijini. Huko juu hewa ni nyepesi kwa zaidi ya moja ya kumi. Kabureta haina habari hiyo. Huendelea kumwaga mafuta kama ilivyopangwa bondeni. Injini inakuwa nzito, plagi inapata masizi, na dereva anaona mafuta yake yanapotea bure.

Akimwomba fundi wa mlimani aibane, pikipiki itapona pale. Balaa linaanza anaporudi chini, kwenye hewa nzito na joto la bonde. Kipimo kilichofaa Bugarama ni njaa kwa injini iliyo Bujumbura. Tatizo hilo la mwinuko ni la zamani, na lilikuwa miongoni mwa yale yaliyoifanya tabo ithaminiwe. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905, na mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss aliijaribu kwenye injini ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, wenye kimo cha takriban mita 4,300, ili kuona kama injini ingerudishiwa pumzi iliyonyang'anywa na mwinuko. Ilirudishiwa.

Fundi asiyejua anachokipima

Tofauti kubwa kati ya mjenzi wa pikipiki ya mashindano na fundi wa Buyenzi si vifaa tu. Mjenzi anajua hasa kilichomo kwenye tangi lake. Fundi wa Buyenzi hajui. Petroli ya leo huenda imetoka kituoni. Ya jana ilivuka mpaka wa Gatumba kutoka Uvira ndani ya bidoni. Ya juzi ilichanganywa na mafuta ya taa na mtu asiyejulikana. Kupima kabureta kwa mafuta yanayobadilika kila siku ni kama kumshonea nguo mtu ambaye hujamwona.

Mafuta ya taa huungua ovyo yanaposhindiliwa, na mgongo wa injini husikika kama kokoto ndani ya kopo. Maji yaliyoingia kwenye bidoni hutulia chini na kuziba jeti. Hata hivyo, upimaji wa kienyeji upo na hauna gharama. Tone la petroli safi kwenye karatasi nyeupe hukauka lote. Lenye mafuta ya taa huacha doa la ugiligili. Petroli ikiachwa itulie kwenye chupa ya kioo, maji yatajionyesha chini. Na ukiongeza maji kidogo yenye kipimo kinachojulikana, ukatikisa, ukaacha yatulie, tabaka la maji likiongezeka ujue kulikuwa na kileo ndani.

Kipimo hicho cha mwisho kina uzito wa pekee, kwa sababu anayesikia sifa za methanoli anaweza kushawishika kuijaribu. Ni kosa. Methanoli katika kabureta isiyobadilishwa huifanya injini ifunge njaa papo hapo, kwa kuwa jeti ni ndogo mno kwake. Hula alumini na mipira, na huvuta unyevu wa hewani; hata kwenye mashindano, mafundi husafisha mfumo wote kwa petroli mara mbio zinapokwisha. Moto wake mchana hauonekani. Mwaka 1981, kwenye mbio za magari za Indianapolis nchini Marekani, dereva Rick Mears aliungua usoni kwa miali ambayo watu waliokuwa karibu naye hawakuiona.

Afrika Mashariki inaijua sumu hiyo kwa njia chungu zaidi. Mwaka 2010 watu wapatao 80 walifariki Uganda baada ya kunywa waragi yenye methanoli. Mei 2014 ilikuwa zamu ya Kenya, ambako makumi walikufa Embu, Kiambu na kwingineko. Vijiko vichache vyatosha kumpofusha mtu. Si kitu cha kuhifadhi kwenye chupa ya soda nyumbani.

Kiwango kimoja, safari ndefu

Kwenye karatasi, injini ya Bujumbura inastahili mafuta yaleyale ya Mombasa na Dar es Salaam. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na nchi wanachama zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 salfa kwenye dizeli isizidi sehemu 50 kwa milioni. Tanzania ilianza kuweka alama ya siri kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwanasa wachakachuaji. Kenya mwaka 2018 ilipandisha tozo ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya na dizeli.

Hatua hizo zina maana pale tu mafuta yanapofika. Burundi haina bahari. Shehena husafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bandarini, na hulipiwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi imekosa. Pengo linapotokea, bidoni hushika nafasi ya kituo, na alama, maabara na viwango vyote vya Jumuiya vinaishia mpakani.

Mpaka pengo hilo lizibwe, mizani imebaki mikononi mwa fundi. Anaweza kuandika ukubwa wa jeti iliyotoka kiwandani na kuirudisha. Anaweza kusafisha kichungi cha hewa, kukaza mnyororo, kujaza upepo wa matairi na kurekebisha breki zinazoburuza, mambo ambayo huokoa mafuta bila kuichoma pistoni. Na anaweza kumwonyesha dereva ile plagi nyeupe kama chokaa, akamweleza kwamba tone aliloliokoa jana ndilo lililokuwa likiipoza injini yake.