Moto wa Kikapuni: Hesabu za Shambulio na Ulinzi katika Mchezo wa Mashine

Mwaka 1993 kampuni ya Midway ya Marekani ilitoa mashine ya mchezo iitwayo NBA Jam. Mashine hiyo, iliyochezwa kwa kutumbukiza sarafu, ilionyesha mpira wa kikapu wa namna ya pekee: wachezaji wawili dhidi ya wawili badala ya watano kwa watano, kusukumana bila adhabu, na watu warukao juu ya kikapu kana kwamba nguvu ya uvutano haiwahusu. Sheria mbili tu zilibakia: timu isikae na mpira zaidi ya sekunde 24 bila kuurusha, na mlinzi asiuguse mpira unaoteremka kuelekea kikapuni. Mwalimu wa fizikia atacheka. Mwalimu wa hisabati, hata hivyo, hana budi kuutazama mchezo huu kwa makini, kwani ni ulimwengu mdogo ambao kanuni zake zimeandikwa na binadamu, na mchezaji hazioni kanuni hizo bali huona matokeo yake tu.

Tuanze na swali la kila shambulio: je, mtu arushe kutoka mbali apate pointi 3, au aingie ndani apate 2? Tuchukue tarakimu za mfano. Mshambuliaji akiingia ndani na mlinzi akamngojea huko, hufunga mara 4 katika 10. Mlinzi akiwa nje, hufunga mara 7. Akirusha kutoka mbali mbele ya mlinzi, hufunga mara 2 katika 10. Akiachwa huru, mara 5. Kwa wastani, basi, kuingia ndani humpatia pointi 0.8 au 1.4, na kurusha kutoka mbali pointi 0.6 au 1.5. Hakuna chaguo lililo bora daima, maana mlinzi akishalitambua atalifunga. John von Neumann alithibitisha mwaka 1928 kwamba katika mashindano ya namna hii kila upande una mchanganyiko wake ulio bora. Katika mfano wetu mshambuliaji aingie ndani mara 3 katika kila 5, bila mpangilio wowote unaoweza kubashiriwa, naye atapata wastani wa pointi 1.08 hata mlinzi afanye nini. Mlinzi naye akae ndani mara 8 katika kila 15. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aweza kuyahakikisha haya kwa milinganyo miwili sahili, na ningependa ajaribu kabla ya kuendelea kusoma.

Sasa mashine inaleta jambo linalovuruga hesabu hiyo. Mchezaji akifunga mara tatu mfululizo, mpira wake huwaka moto. Tangu hapo mbio zake haziishi nguvu na shabaha yake huongezeka sana, mpaka timu pinzani ifunge au yeye mwenyewe afunge vikapu vingine vinne. Hivyo thamani ya kikapu si pointi zake tu. Kwa timu inayounguzwa, pointi 2 za karibu zilizo na hakika ni bora kuliko 3 za kubahatisha, kwani kikapu chochote kinazima moto. Kwa mlinzi, kumngojea mwenye moto arushe ndipo umzuie ni kuchelewa. Dawa ni kumsukuma na kumpokonya mpira mapema. Na aliyekwisha kufunga mara mbili hupewa mpira hata kama mwenzake yuko huru zaidi, jambo ambalo mlinzi naye analijua.

Waliobuni moto huo hawakuutoa hewani. Wachezaji na makocha wa mpira wa kikapu wameamini siku zote kwamba mkono wa mtu hupata joto. Mwaka 1985 Thomas Gilovich, Robert Vallone na Amos Tversky waliwauliza mashabiki 100, na 91 kati yao wakasema kwamba aliyetoka kufunga mara mbili au tatu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufunga tena. Kisha wataalamu hao wakapima mirusho ya wachezaji halisi, wasiuone moto wowote. Kwa miaka zaidi ya 30 vitabu vya saikolojia viliutaja mkono wa moto kuwa mfano bora wa jinsi akili ya binadamu inavyosoma maana katika bahati tupu. Kocha aliyeng'ang'ania imani yake alihesabiwa kuwa hajasoma.

Kumbe kipimo chenyewe kilikuwa na kasoro, nayo yaonekana kwa sarafu moja. Irushe mara tatu. K ni kichwa, M ni mwenge. Mfululizo unaowezekana ni nane: KKK, KKM, KMK, KMM, MKK, MKM, MMK, MMM. Katika kila mmoja, tafuta ni sehemu gani ya mirusho inayofuata K iliyotoa K tena. Miwili ya mwisho haina mrusho unaofuata K, basi tunaiacha. Sita iliyobaki inatupa 1, 1/2, 0, 0, 1 na 0. Wastani wake ni 5/12, yaani chini ya nusu, ingawa sarafu haina upendeleo wowote! Sababu ni kwamba KKK ina nafasi mbili za kufaulu lakini inahesabiwa mara moja tu, sawa na KMM yenye nafasi moja. Joshua Miller na Adam Sanjurjo walilionyesha hili katika makala yao ya mwaka 2018. Mchezaji ambaye baada ya kufunga anafunga nusu tu ya mirusho yake amezidi kile ambacho bahati peke yake ingempa. Walipoirekebisha hesabu, takwimu zilezile za wanafunzi wa Cornell zilizotumika mwaka 1985 zilionyesha dalili za moto. Ni moto mdogo kuliko ule wa mashine, lakini upo.

Katika mashine hiyo kulikuwa na kanuni nyingine isiyotangazwa. Mark Turmell, kiongozi wa ubunifu wake na mpenzi wa timu ya Detroit Pistons, alieleza miaka mingi baadaye kwamba waliandika maagizo ya siri: Chicago Bulls wakicheza na Pistons katika mchezo uliokaribiana, mirusho ya Bulls ya sekunde za mwisho ielekee kukosa. Mchezaji angewezaje kuligundua hilo bila kuambiwa? Kwa daftari na kalamu. Kama kwa kawaida mtu hufunga nusu ya mirusho yake, kukosa mara 3 za mwisho hutokea kwa bahati mara 1 katika 8, na hapo hakuna wa kulaumiwa. Kukosa mara 10 mfululizo hutokea mara 1 katika 1,024.