Metali Inapofungamana na Dawa: Kisahani cha Maabara na Tumbo la Mgonjwa

Krimu nyeupe inayopakwa kwenye majeraha ya moto, silva salfadiazini, ni fedha iliyofungamana na dawa ya jamii ya salfa. Misombo ya namna hii, ambamo metali ya mpito kama shaba, kobalti, chuma au fedha hushikwa na molekuli nyingine iitwayo ligandi, hujulikana kama changamano. Kadiri bakteria wanavyozidi kuwa sugu, ndivyo watafiti wanavyozidi kuigeukia.

Utengenezaji wenyewe si kazi kubwa. Chumvi ya metali na ligandi huyeyushwa, mara nyingi katika ethanoli, hupashwa moto, na mashapo huchujwa, kuoshwa na kukaushwa. Ugumu uko katika kuthibitisha kilichopatikana, kwa mionzi ya infraredi na, fuwele zikipatikana, kwa eksirei. Kisha kikaratasi chenye changamano huwekwa juu ya agari iliyopandwa bakteria, na duara lisiloota kitu hupimwa kwa milimita. Mara nyingi changamano huishinda ligandi ikiwa peke yake. Yaelezwa kwamba chaji ya metali, ikishafunikwa, hupenya kwa wepesi utando wa mafuta wa bakteria.

Lakini kisahani hakina damu, ini wala mtoto mwenye homa. Kisiwani Pemba, jaribio la kuwapa watoto wa mwezi 1 hadi 35 madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku lilisitishwa kwa makundi hayo Agosti 2003. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa kwa maradhi makali. Malaria ilikuwa imeenea mno wakati huo, na vimelea navyo huhitaji chuma. Hata hivyo, watoto waliopimwa wakakutwa na upungufu wa chuma, tena wakifuatiliwa kwa karibu, walinufaika. Hivyo mzazi asiache dawa aliyoandikiwa mwanawe.

Changamano hufanyika pia tumboni, bila mkemia. Damu za wagonjwa zilizooteshwa Pemba mwaka 2009 na 2010 zilionyesha bakteria wa homa ya matumbo kuliko wengine wote. Mgonjwa wa homa hiyo akimeza siprofloksasini pamoja na vidonge vya kuongeza damu, dawa hushikana na chuma, utumbo ukashindwa kuifyonza ipasavyo, na bakteria wakabaki. Zinki na dawa za kutuliza asidi ya tumbo hufanya vivyo hivyo. Siprofloksasini imezwe saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baadaye, na mtoa dawa aulize mgonjwa ana vidonge gani nyumbani kabla ya kumkabidhi pakiti.