Wiki Moja Kihambani

Mtumishi wa serikali nchini Tanzania hustaafu kwa lazima anapotimiza miaka 60. Akiwa Mchaga mwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Marangu, Kibosho au Rombo kwenye Mlima Kilimanjaro, wenzake wa ofisini Dar es Salaam humuaga kwa maneno yale yale: haya, sasa nenda ukapumzike nyumbani. Huko nyumbani wanakomtuma kuna ng'ombe bandani, kahawa inayoivia mtini, zamu ya kuzibua mfongo (mfereji wa maji), msiba wa jirani na kikao cha wazee wa kanisa.

Wanandoa waliostaafu namna hiyo wapo karibu katika kila kitongoji cha Vunjo, mlimani humo. Kwa hawa ninaowasimulia, mume alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mke muuguzi. Kiinua mgongo kilimalizia nyumba ya matofali iliyoanza kujengwa watoto wakiwa wadogo, na pensheni ya kila mwezi inatosha sukari, umeme, dawa ya presha na michango. Watoto wako Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Kijijini mzee ni Mwalimu, hata kwa wale ambao hakuwafundisha. Mkewe ni Nesi kwa watu wazima na Bibi kwa kila mtoto anayepita njia ile.

Kihamba chao hakizidi ekari mbili, lakini kina kila kitu: nyumba, shamba na makaburi ya ukoo. Juu kabisa imesimama miruka na miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi, maharage na mboga. Viazi vikuu hutambaa kwenye mashina ya miti. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo huu, likianzia na Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Mfumo umeistahili sifa hiyo. Ila kihamba kilibuniwa na watu waliokuwa na mikono mingi nyumbani: watoto wa kukata majani, vijana wa kuzibua mfereji, wake za wana wa kubeba ndizi kwenda sokoni. Mikono hiyo imehamia mjini, kazi imebaki pale pale, na wazee wawili wanaigawana.

Jumatatu huanza kwa ng'ombe. Ng'ombe wa mlimani hatolewi kwenda kuchungwa, maana hakuna pa kumchungia. Anakaa bandani na kuletewa kila anachokula. Mwalimu hukata majani ya gwatemala yaliyopandwa kwenye kingo za shamba, kisha huangusha mgomba uliokwisha kuzaa na kuukatakata shina lake kwa panga vipande vidogo vidogo. Kiangazi majani yakipungua, nyasi hupandishwa kutoka tambarare, na siku hizi bei yake inamuuma mtu wa pensheni. Samadi inarudi kwenye migomba, migomba inamlisha ng'ombe, na hivyo ndivyo udongo ule mdogo umeweza kulisha kizazi baada ya kizazi.

Maziwa ni ya Nesi. Mgawo huo ni wa zamani: kahawa ya baba, maziwa na ndizi za chakula za mama. Hata leo, baba anayeuza mkungu wa ndizi za mchare bila kumwambia mkewe atasemwa. Wanawake wa Nronga, wilayani Hai, waliijengea desturi hiyo ushirika wao wa maziwa mwaka 1988, na kwa fedha hizo wengi wamesomesha watoto. Nesi hukamua mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, akabakiza ya nyumbani, na mengine akayapima kwa chupa kwa majirani. Wengine huja na chupa mkononi na shida nyingine moyoni, kwa hiyo mashine ya kupima presha haikai mbali na meza.

Kahawa ni habari ndefu zaidi, na yenye machungu. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, na mwaka 1933 ukaandikishwa ushirika wa KNCU. Shule nyingi za mlimani zilisimama kwa fedha za kahawa, na Mwalimu mwenyewe alisomeshwa nazo. Mwaka 1989 mgao wa kimataifa wa kuuza kahawa ulipovunjika, bei ilianguka vibaya, na wengi wakang'oa mibuni wapande nyanya, ndizi za biashara na baadaye parachichi. Yeye hakung'oa. Kuanzia Julai huchuma zilizoiva tu, nyekundu tupu, na jioni ile ile huzimenya kwa mashine ya mkono, maana kahawa iliyolala na ganda lake huharibika. Zinalowekwa, zinaoshwa, zinaanikwa juu ya meza ya wavu, na wingu la mvua likijitokeza juu ya Mawenzi mtu huacha chakula mezani akakimbilia kuzifunika. Kwa mtu wa umri wake, kazi hiyo ni nzito kuliko fedha inayoingia. Anaifanya kwa sababu kuona kihamba bila kahawa kunamuumiza.

Siku ya gulio huwa ya Nesi peke yake. Kila upande una siku zake, na wanawake hupanga wiki nzima kuzifuata. Ndizi na parachichi zinashuka, mahindi, mchele, dagaa na magadi vinapanda. Hapo ndipo anaposikia nani amelazwa na nani anaoza binti, na hukutana na wenzake wa kikoba. Yeye ndiye mtunza hesabu, ingawa kufuli tatu za kisanduku hufunguliwa na wanawake wengine watatu.

Jumatano ya wiki hii ni zamu ya mfongo. Mifereji hii, inayochota maji kwenye mito ya juu na kuyazungusha kwenye kingo za mlima hadi mashambani, ilikuwapo kabla ya Wajerumani. Kila mfongo una kamati, na kila kaya ina zamu yake ya maji na wajibu wake wa jembe. Zamani kazi ya kuzibua ilikuwa ya wanaume wa ukoo, na pembe ikipigwa walitoka wote. Sasa wanaojitokeza wengi wana mvi. Wanaondoa matope na majani, wanaziba palipovuja kwa magogo ya mgomba na udongo, na kila baada ya hatua chache mmoja anashika kiuno. Asiyekuja hupigwa faini. Kamati nyingine hupokea fedha badala ya jembe, na jambo hilo limezua ubishi mkali, kwa sababu faini haizibui mfereji na vijana wa kulipwa nao ni haba.

Kazi ambayo hawa wawili hufanya kwa furaha ni kutengeneza mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Wiki hii wanaitengeneza kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu wa kaka yake Mwalimu. Ndizi zilikatwa mapema na kuivishwa hadi zikalainika. Nesi alizimenya, akazichemsha kwenye sufuria kubwa kwa saa nyingi hadi zikageuka rangi ya udongo mwekundu, akaziacha zichachuke siku kadhaa. Hiyo ndiyo nyalu. Ulezi umelowekwa, ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, na uji wake mwepesi, mso, hutiwa maji ya gome la mti wa msesewe. Gome likizidi, mbege inakuwa chungu isiyonyweka. Likipungua, inabaki tamu kama togwa na kuharibika haraka. Hakuna kipimo kilichoandikwa. Nesi, aliyepima dawa kwa miligramu maisha yake yote kazini, hapa hutumbukiza kidole, akaonja, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, ongeza kipande kimoja." Mwalimu anaongeza. Nyalu ikichujwa na kuchanganywa na mso, kesho yake mbege iko tayari, na wazee watainywa kwa kata, mkubwa kwa umri akitangulia. Walokole watapewa soda, na hakuna anayewasema.

Ijumaa hii mpango wote ulivurugika. Jirani wa kihamba cha juu alifariki usiku. Mlimani, msiba hauna mwaliko: anayesikia anakwenda, na anayekwenda habebi mikono mitupu. Mkungu wa ndizi, mzigo wa kuni, ndoo ya maji, chochote. Kaburi linachimbwa kihambani, karibu na baba na babu wa marehemu, na wachimbaji ni wanaume wa kitongoji. Nesi alikuwa jikoni tangu alfajiri, akimenya ndizi pamoja na wanawake wengine mbele ya masufuria ya kulisha mamia. Mwalimu alipewa kazi anayopewa kila mara: kuandika historia fupi ya marehemu ya kusomwa kabla ya mazishi. Alikaa na mjane chini ya mringaringa, daftari gotini, akiuliza taratibu mwaka wa kuzaliwa, shule, kazi, ndoa, watoto kwa mpangilio. Palipokuwa na mtoto wa nje aliuliza kwa sauti ya chini, akaandika jina lake pamoja na wengine. Alijua kwamba asiyetajwa siku ile hudai kutajwa siku ya kugawa ardhi. Huo ndio ujuzi ambao hauwezi kutumwa kwa simu. Michango ya watoto kutoka Dar es Salaam iliingia ndani ya saa moja, nao wameheshimu wajibu wao, lakini aliyejua la kuuliza alikuwa amekaa pale.

Jumapili ni kanisa, na baada ya ibada ni mnada. Asiyekuwa na fedha ya sadaka ameleta alicho nacho: mayai, mkungu, chupa ya maziwa, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa hunadi uwanjani, mnunuzi analipa, na mara nyingi anarudisha kitu kile kile kinadiwe tena. Jogoo mmoja huweza kuuzwa mara tatu kabla ya kwenda nyumbani na mtu. Fedha hizo hupaka rangi kanisa na kusaidia kulipa ada za watoto yatima. Msomi wa uchumi anaweza kuikosoa bei ya jogoo yule, lakini sijaona njia iliyo bora zaidi ya kumfanya mtu mwenye mayai matano atoe sadaka sawa na mwenye gari.

Jioni ya Jumapili ya wiki hiyo kijana wao wa mwisho alipiga simu. Kwa desturi ya Wachaga, nyumba ya wazazi na kihamba kinachoizunguka huenda kwa mtoto wa kiume wa mwisho, naye ndiye wa kuwatunza. Ana kazi Mwanza na mke asiyekijua Kichaga. Anakuja kila Desemba, na Desemba iliyopita Mwalimu alimtembeza kwenye mimea ya masale ya mpakani, mmoja mmoja, akimwambia ulipandwa na nani na kwa ugomvi gani. Mtoto amekubali kulipia kijana wa kuzibua mfongo kwa niaba ya baba yake. Kamati bado haijaamua kama jembe la kukodi linahesabiwa kuwa zamu ya mwenye kihamba, na Mwalimu, ambaye ni katibu wake, ameliweka jambo hilo kwenye ajenda ya kikao kijacho.