Vitabu Sita vya Kusoma Kiangazi: Mapendekezo kwa Wasomaji wa Ikwiriri

Masika yanapokwisha na maji ya Mto Rufiji kurudi ndani ya kingo zake, Ikwiriri huingia katika majira ya kupumua. Mpunga umevunwa au unakaribia kuvunwa. Wakulima wa mlau wanapanda mahindi na kunde katika udongo ambao mafuriko yameuachia unyevu. Shule na vyuo vinafungwa kwa likizo ya Juni. Juu ya madungu, zile nyumba za nguzo ambamo familia hukaa kulinda mashamba dhidi ya ndege na nguruwe, kuna saa nyingi za kungoja. Na kwenye benchi la wagonjwa wa nje kuna saa nyingi za kungoja vilevile. Hata muuguzi na tabibu, wanapopata siku zao 28 za likizo ya mwaka, hujikuta jioni fulani hawana la kufanya. Huo ndio wakati wa kitabu.

Mtu anaweza kuuliza: hadithi ina kazi gani kwa mhudumu wa afya, ambaye hata miongozo ya tiba hana nafasi ya kuimaliza? Jibu lake liko katika chumba cha uchunguzi. Mhudumu hufundishwa kuuliza maswali kwa mpangilio: lini ilianza, wapi panauma, umetumia dawa gani. Mgonjwa haji na mpangilio huo. Huja na kisa chenye mama mkwe, deni, ndoto na safari ya kwa mganga, na mara nyingi jambo kubwa hulisema mwisho, mkono ukiwa tayari umeshika mlango. Msomaji wa riwaya amezoea kungoja mpaka kisa kijifunue. Naye mgonjwa anayesoma hupata maneno ya kusemea jambo ambalo hapo awali alilionea haya.

Ikwiriri inao msingi wa usomaji wa namna hii. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilichopo hapo ni kimoja kati ya vyuo vilivyotokana na mpango ulioanza mwaka 1975, Tanzania ilipochukua kutoka Uswidi mfano wa vyuo vya watu wazima ambavyo haviulizi cheti kwanza. Katika fikra za miaka ile, maktaba haikuwa pambo la chuo. Aliyefundishwa kusoma akakosa kitabu husahau alichofundishwa, kama shamba lisilopaliliwa linavyorudi kuwa pori. Orodha ifuatayo imekusudiwa jumuiya ya maktaba ya chuo cha aina hiyo, pamoja na wahudumu wa afya na wagonjwa wanaoishi jirani nacho.

Kitabu cha kwanza hakina budi kuwa tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Warufiji wanaweza kuisoma kama habari za nyumbani. Kinjeketile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti 1905, Vita vya Majimaji vilipokuwa vimeanza tu. Maeneo hayo yote mawili yako kusini mwa mto, ng'ambo ambayo leo hufikiwa kwa kuvuka Daraja la Mkapa. Kwa mhudumu wa afya, tamthilia hii ni habari ya dawa na imani. Watu wanyonge, waliochoshwa na njaa na kazi ya kulazimishwa, wanapewa maji na kuambiwa kwamba risasi haitawadhuru. Maji yanawaunganisha watu ambao hapakuwa na kitu kingine cha kuwaunganisha, kisha wanakufa. Kinjeketile wa Hussein si tapeli. Ni mtu anayeona neno lake likikua kuliko yeye, naye hana tena uwezo wa kulirudisha.

Kila anayetoa dawa amesimama karibu na jambo hilo. Akiahidi kupita kiasi ili watu wakubali, ahadi ikivunjika hapotezi dawa moja tu, hupoteza masikio ya kijiji kizima. Mama akiambiwa kwamba chanjo humkinga mtoto asiugue kabisa, kisha mtoto akaugua ugonjwa mwepesi, mwaka ujao hatarudi. Ni heri aambiwe ukweli tangu mwanzo: chanjo hupunguza sana hatari ya ugonjwa mkali na kifo, na homa ndogo baada ya sindano ni jambo la kawaida.

Kitabu cha pili ni kirefu, na kinawafaa wenye likizo ndefu. Ni riwaya ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kifo chake. Kisa chake ni cha mume na mke wanaopendana ila hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke kwa maneno makali mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kuomba radhi na kulipa faini ya pombe ya ndizi ili arudishiwe mkewe. Baadaye wanatafuta tiba kwa mganga, wakiwa pamoja.

Neno hilo, pamoja, ndilo la kushikwa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la uzazi katika maisha yake. Hata hivyo, katika kliniki nyingi anayefika ni mke peke yake, amebeba lawama za koo mbili, na mume hajapimwa hata mara moja ingawa tatizo linaweza kuwa kwake, kwa mkewe au kwa wote wawili. Mwanamume anayesoma jinsi Myombekere alivyovumilia kejeli za jamaa zake bila kumwacha mkewe anaweza kuona kwamba kupima mbegu hakumwondolei uanaume wake.

Cha tatu ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Riwaya hii ilipigwa marufuku mashuleni kwa kuzungumza waziwazi juu ya mapenzi ya wasichana, kisha miaka ilipopita ikawa miongoni mwa vitabu vya kusomwa shuleni. Rosa amelelewa na baba mkali na mlevi aliyemfungia dunia yote. Anapokwenda kusoma mbali na nyumbani, hana mtu aliyewahi kumweleza lolote kuhusu mwili wake. Mwisho wa kisa ni mzito, una kutoa mimba na kujiua, hivyo haifai kumkabidhi kijana aliye katika huzuni na kumwacha asome peke yake. Isomwe na mzazi, mwalimu au muuguzi kwanza, kisha izungumzwe. Tangu Novemba 2021 Tanzania imeruhusu wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya kujifungua warudi katika shule za mfumo rasmi. Ruhusa hiyo haitamsaidia msichana ambaye baba yake bado anafikiri kama baba wa Rosa. Muuguzi wa kliniki ya uzazi ndiye mara nyingi mtu mzima wa kwanza kumsikiliza msichana huyo bila kumkaripia.

Kitabu cha nne kinajulikana kwa wahudumu wengi wa zamani: Mahali Pasipo na Daktari cha David Werner. Kilianza kuandikwa kwa Kihispania kwa ajili ya wanavijiji wa milima ya Meksiko, na kikaenea duniani kwa lugha nyingi. Thamani yake kubwa ni heshima yake kwa msomaji, kwani hakimdharau asiye na shule, nacho humweleza sababu ya kila jambo kwa picha na maneno mepesi. Hata hivyo, kisomwe kwa tahadhari moja. Nakala nyingi zilizomo makabatini ni za zamani, na dawa zimebadilika. Katika malaria peke yake, Tanzania iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza mwaka 2001 ikaingia SP, kisha kuanzia mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa ya mseto, ALu. Kwa hiyo mambo ya usafi, lishe na huduma ya kwanza yasomwe humo. Jina la dawa na kipimo chake viulizwe kituoni.

Cha tano kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini hakuna wilaya inayostahili kukijua kuliko Rufiji. Ni Fixing Health Systems, cha mwaka 2004, kilichoandikwa na Don de Savigny, Harun Kasale, Conrad Mbuya na Graham Reid. Kinaeleza mradi wa Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, uliofanyika Rufiji na Morogoro Vijijini. Timu za afya za wilaya zilipewa nyongeza ndogo ya fedha pamoja na takwimu za maradhi yaliyokuwa yakiua watu wao, kisha zikapanga matumizi kufuatana na maradhi hayo badala ya mazoea. Vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka mitano hivi.

Nyuma ya takwimu hizo walikuwepo wadodosaji waliokwenda nyumba kwa nyumba, na palipotokea msiba walirudi baadaye kuwauliza wafiwa jinsi marehemu alivyougua. Masimulizi ya familia ndiyo yaliyowezesha kujulikana kwa chanzo cha vifo vya watu waliofia nyumbani. Masimulizi hayo pia yalisahihisha dhana. Watu wengi hudhani kwamba wanaokufa kwa malaria vijijini hufa kwa kukimbilia kwa waganga. Utafiti uliotumia masimulizi ya Rufiji na kuchapishwa mwaka huohuo wa 2004 ulionyesha kwamba wengi wa marehemu walikuwa wametafutiwa kwanza tiba ya kisasa. Mhudumu anayemkaripia mama kwa kuchelewa afikirie hilo: huenda mama huyo alianza kutafuta dawa siku tatu zilizopita, akaikosa.

Cha sita ni cha kupumzikia. Ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1994; Ida Hadjivayanis akaitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Ni safari ya Yusuf, mtoto aliyetolewa na baba yake kulipia deni, akapelekwa pwani na kisha bara katika msafara wa biashara, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Si lazima msomaji achukue fundisho. Mtu aliyeshinda wodini usiku kucha anastahili kusafiri kidogo akiwa amekaa.

Yamebaki mambo ya namna ya kusoma. Baada ya umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kukakamaa, na maandishi ya karibu hufifia. Wengi hudhani wamechoka au wamepoteza hamu ya kusoma, kumbe wanahitaji miwani ya kusomea tu. Wapimwe macho kwanza, kwa kuwa kufifia kunaweza pia kutokana na mtoto wa jicho au kisukari. Mwanga hafifu hauharibu macho, ila huyachosha. Moshi wa koroboi ndio wenye madhara kwa kifua, hivyo ni heri kusoma mchana au kwa taa ya sola.

Asiyejua kusoma naye asiachwe nje. Tamthilia imeandikwa ili isemwe, na kurasa chache za Kinjeketile zikigawiwa wasomaji watatu barazani huwatosha wasikilizaji ishirini. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza dawa kwa miezi sita, mama anayengojea siku zake za kujifungua karibu na hospitali na mzee anayeuguza mjukuu wote wana muda na masikio. Nakala moja ya maktaba, ikifunikwa kwa karatasi ngumu na kuandikwa katika daftari la azima, inaweza kuwazungukia wote kabla mvua za vuli hazijaanza.

Kisha irudishwe. Yupo mwingine anayeingoja.