Mgonjwa naye ana haki ya kushauriwa



Ndugu wasomaji, ni nani kati yetu asiyeijua safari ya zahanati? Mama huamka alfajiri, akambeba mtoto mgongoni, akapanga foleni, kisha mchana akarejea nyumbani na karatasi mkononi kwa kuwa dawa aliyoandikiwa haipo. Mama huyo anayajua mambo yasiyoonekana katika taarifa za ofisini: foleni hukwama dirisha gani, dawa ipi huisha mapema, na kwa nini jirani yake ameacha kuhudhuria kliniki. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Je, bajeti ya zahanati ile inapopangwa, mama huyu huulizwa?

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Qur'ani Tukufu ina sura nzima iitwayo Ash-Shura, na ndani yake mashauriano yametajwa miongoni mwa sifa za waumini. Basi kumsikiliza yule anayeguswa na uamuzi si hisani, bali ni uadilifu.

Mataifa nayo yamelikiri hilo. Mwaka 1978, mkutano wa kimataifa uliofanyika Alma-Ata ulitamka kuwa watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Mwezi Mei 2024, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio la kuimarisha ushiriki huo.

Wako waliolitia neno hili katika sheria. Nchini Brazil, Katiba ya mwaka 1988 iliitangaza afya kuwa haki ya watu wote, na sheria ya Desemba 1990 ikaweka mabaraza ya afya kuanzia taifa, majimbo hadi manispaa. Katika mabaraza hayo nusu ya wajumbe hutoka kwa watumiaji wa huduma, na nusu iliyobaki hugawanywa baina ya serikali, watoa huduma na watumishi wa afya. Tena manispaa hutakiwa kuwa na baraza ili ipate fedha za afya kutoka serikali kuu. Hapo mgonjwa hakualikwa kuwa mtazamaji, amepewa kura.

Hapa kwetu Tanzania mlango upo pia. Zahanati na vituo vya afya vya umma vina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka katika jamii. Tangu mwaka wa fedha 2017/2018, fedha zilipoanza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo, kamati hizo zimekuwa na kazi nzito zaidi ya kushiriki katika mipango na kusimamia matumizi.

Hata hivyo, kiti peke yake hakitoshi. Mjumbe asiyeelezwa hesabu atakubali asichokielewa, na mjumbe asiyerudi kwa waliomtuma hujisemea nafsi yake. Wala hatusemi kwamba mgonjwa amfundishe daktari tiba. Kuchagua dawa inayofaa ni kazi ya mwenye elimu yake. Lakini saa za kufungua kliniki, faragha ya mama mjamzito, na lipi litangulie pale fedha zinapokuwa chache, hayo hayawezi kuamuliwa kwa haki bila ya sauti ya mgonjwa.

Basi tuanzie majumbani mwetu. Tuulize: mjumbe wetu katika kamati ni nani? Tuhudhurie mikutano ya kijiji na mtaa, tudai mapato na matumizi ya kituo yasomwe kwa lugha ya kueleweka, na tusiwaachie wanaume peke yao viti hivyo, ilhali kina mama ndio wanaoshinda katika foleni.

Tukikaa kimya, mtoto wa yule mama ataendelea kurudishwa na karatasi. Na ugonjwa hauna mwenyewe. Leo ni wa jirani, kesho ni wetu.

Wabillahi tawfiq.